Pesa za Jepchumba Zilale Wapi

Nyumba ya Truphena huko Kapsoya ina vyumba vinne vya kulala, na mlalaji ni mmoja. Watu wakipita nje ya lango lake jeusi husema, huyo mama Mungu amemkumbuka. Hawajui kwamba chakula chake hukila akiwa amesimama jikoni, sufuria ikiwa bado juu ya jiko, kwa sababu ile meza kubwa ya sebuleni humfanya ajione kama mgeni aliyefika mapema kwenye karamu ya watu wengine. Televisheni huiwasha asubuhi na kuizima akienda kulala. Haitazami. Anataka tu kuwe na mtu anayeongea.

Nyumba hiyo ilijengwa na binti yake wa pekee, Jepchumba. "Watoto wa wenzangu hujenga kwa mikono," Truphena huwaambia wateja wake wa maziwa, "wangu amejenga kwa miguu." Alipomaliza kidato cha nne, Jepchumba alichukuliwa na kampuni moja ya vyuma huko Japani. Makampuni ya kule huwa na timu zao za riadha, na mkimbiaji hulipwa mshahara kila mwezi kama karani. Kabla ya hapo, mama na mtoto walikuwa wamepanga chumba kimoja mtaa wa Munyaka, kitanda kimoja, godoro moja lililochoka katikati kiasi kwamba ukilala pembeni utaamka umebingirika hadi kwa mwenzako. Jepchumba alikuwa akilalamika kila asubuhi, mkono kiunoni kama bibi kizee. Truphena hakulitupa godoro lile. Alipohamia Kapsoya alilipeleka chumba cha Jepchumba, maana chumba kilihitaji godoro, na kumnunulia jipya mtu asiyekuwepo aliona ni kama kumtania Mungu.

Kuuza maziwa hakuacha. Jepchumba alimwomba aache, akakataa. Kibanda chake kiko karibu na maduka, na maziwa huja asubuhi kwa bodaboda kutoka kwa wafugaji wa upande wa Kesses; mengine huuzwa mabichi, mengine huyagandisha. Pale kibandani angalau kuna watu wa kumwambia "leo baridi imezidi" na yeye akajibu.

Jepchumba hupiga simu Jumapili, Truphena akiwa ametoka kanisani na hajafungua kitambaa cha kichwa. Jua likiwa juu ya Kapsoya, kule giza limeshaingia.

"Chamgei, Mama."

"Chamgei mising. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali."

"Wali tu kila siku kama matanga? Na mguu?"

"Mguu uko tu."

Mguu ulikuwa na kidonda cha ndani, kwenye mshipa juu ya kisigino. Msimu huu wote Jepchumba hakukimbia mbio za maana. Truphena alikuwa akingoja aambiwe mguu umepona, na kila Jumapili aliambiwa mguu uko tu.

"Mama, mkataba wangu unaisha mwezi ujao," Jepchumba alisema. "Kampuni wanasema naweza kuandika mwingine, niwe nasaidia kufunza wasichana wadogo. Ama niache. Sasa nataka nikuulize. Hii pesa yangu iko kwa benki ya huku. Niiache huku, ama niilete nyumbani?"

Truphena aliketi kwenye mkono wa kiti.

"Wewe unaonaje?"

"Mimi nakuuliza wewe, Mama. Vile utasema ndivyo nitafanya."

"Nipe siku kidogo nifikirie."

"Sawa. Fikiria."

Baada ya simu kukatika, mama huyu alibaki pale pale akiwa na neno moja tu kichwani: niilete. Pesa zikija, mtoto atabaki huko akilinda nini? Atafuata nyuma kama ndama anavyomfuata mamaye. Aliona mlango wa chumba ukifunguka, viatu vya mbio vikitupwa ovyo koridoni, mtu akiuliza chumvi iko wapi. Ilimbidi asimame aende kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Unaweza kuuliza, kwa nini hakumwambia tu, rudi nyumbani? Hakuweza. Mume wake alikufa Jepchumba akiwa bado madarasa ya chini, na tangu siku hiyo Truphena alijiapiza kuwa hatakuwa jiwe kwenye mguu wa mtoto wake. Mamaye mwenyewe alizoea kusema kwamba aliyekwenda kuchunga haitwi nyumbani kabla jua halijashuka. Na kule kanisani kulikuwa na mama mmoja aliyemrudisha kijana wake kutoka Uarabuni kwa machozi. Siku hizi kijana hushinda stejini akitafuna miraa, na watu wakimwona mama yule hunong'ona. Truphena aliyasikia manong'ono yale na kuyaweka akiba.

Jirani yake wa kibanda ni Nanzala, mama wa Kibukusu aliyetoka upande wa Bungoma, anayeuza mboga mahali hapo tangu barabara ikiwa tope. Nanzala hana siri na hataki kuona mtu akiwa nayo.

"Mulembe, Mama Jepchumba. Uso huo umelala nje?"

Truphena alimweleza. Nanzala aliendelea kukata sukuma wiki, nyembamba kama nyuzi.

"Aache huko huko," alisema. "Hapa nyumbani pesa ina miguu kuliko huyo mtoto wako."

"Lakini huko ni mbali. Kukitokea jambo?"

"Jambo lipi? Mimi yangu ilikuwa karibu. Ile chama yetu ya akiba ya wamama wa soko, si ofisi ilikuwa hapo tu, juu ya duka la viatu? Nilikuwa naiona nikiwa nimekaa hapa. Naiangalia asubuhi, naiangalia jioni. Siku moja naangalia, mlango una kufuli. Mwenyekiti mpaka leo anaonekana tu kwa ndoto." Nanzala aliangua kicheko, cha mtu ambaye alishamaliza kulia. "Karibu ndiyo iliniuma, mama. Mbali haijawahi kunifanya kitu."

"Wewe unacheka."

"Nifanye nini? Nikilia, sukuma itanunuliwa?"

Habari ya pesa haifichiki. Kabla wiki haijaisha, Kimeli, ndugu wa marehemu mume wake, alisimamisha pikapu yake mbele ya lango na kupiga honi kama mwenye nyumba. Ni mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya kitambaa asiyoivua hata mezani. Jepchumba alikuwa amemdokezea kwa simu kwamba mkataba unaisha, kwa heshima tu, na yeye akaelewa vizuri kuliko alivyoambiwa.

"Shemeji, huyu mtoto ataacha pesa kwa Wajapani mpaka lini? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Panda gari nikuonyeshe kitu."

Walikwenda Kesses. Karibu na chuo kikuu cha huko, Kimeli alimwonyesha ploti yenye mabua ya mahindi ya msimu uliopita, yakiwa yamesimama makavu na kulia upepo ukipita. Pande zote mbili kulikuwa na nyumba za ghorofa za kupangisha wanafunzi; kwenye kila veranda kamba za nguo, suruali na mashuka, msichana akisuka mwenzake, redio mbili zikibishana. Truphena alisimama katikati ya mabua na kusikiliza. Alipenda kelele zile. Alimwona Jepchumba akitembea kwenye veranda kama hizo mwisho wa mwezi, akigonga milango, akigombana na wapangaji kuhusu maji, kisha akirudi Kapsoya jioni na kusema, Mama, hawa watoto watanimaliza. Moyo wake ulisema ndiyo kabla mdomo haujafunguka.

"Mwenye ploti ana haraka," Kimeli alisema. "Hapendi mambo ya kungoja mtu wa ng'ambo. Jepchumba atume kwa akaunti yangu, tuandikishe kwa jina langu kwanza, akirudi tunabadilisha. Mimi si mtu baki. Ni baba yake."

"Kwa jina lako."

"Kwa muda tu, shemeji."

Truphena alitazama viatu vyake, vilivyoshika udongo mwekundu. Alikumbuka mtamba mmoja. Baada ya mazishi ya mume wake, Kimeli alimchukua mtamba wa mwisho aliyekuwa zizini, akasema atamwangalia kwa muda tu, mpaka mjane apate nguvu. Mtamba akazaa, akazaa tena, na siku Truphena alipouliza, Kimeli alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa habari za mvua ya zamani. Hakuwa mwizi. Alikuwa amesahau kabisa kwamba mnyama yule si wake.

"Nitaongea na mtoto," Truphena alisema, akarudi kwenye gari.

Mtamba yule alimwamshia jambo la zamani zaidi. Baba yake Truphena alikuwa na ng'ombe wengi kuliko waliolala zizini. Wengine aliwaweka kwa watu, mbali, mmoja huku, wawili kule, hadi chini kabisa bonde la Kerio. Kwao desturi hiyo huitwa kimanagan. Unampa rafiki ng'ombe wako amchunge. Maziwa ni yake, ndama ni wako. Ugonjwa ukija kwako, au wezi wakivamia, hawatamaliza kila kitu. Na hutangazi. Hata jirani hajui mali yako imelala wapi. Mwaka mmoja ugonjwa wa miguu na midomo ulipopita kijijini na mazizi yakabaki na samadi tupu, baba alitoka na fimbo yake kimya kimya, na baada ya siku kadhaa akarudi akiswaga ng'ombe wawili wanono. Watu walishika midomo.

Alipokufa, wazee walisimama kando ya kaburi na kuuliza kama ilivyo ada: kuna mtu mwenye kitu cha marehemu? Mzee mmoja ambaye wazee wale hawakumjua, mwembamba, mwenye vumbi la bonde miguuni, alisimama na kusema, "Mimi nina ng'ombe wake mwekundu mwenye doa kwenye paji, na wazao wake." Hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa jina. Angeweza kukaa kimya.

Truphena alilipima jambo hilo siku kadhaa, akipima maziwa, akirudisha chenji kimakosa. Pesa za Jepchumba ni ng'ombe waliowekwa mbali. Ng'ombe anayenona kwa watu waaminifu humrudishi kwenye boma ambalo Kimeli anazunguka na kamba. Hilo lilikuwa wazi. Kilichomtia hofu ni kingine: benki ya Kijapani haitasimama kando ya kaburi la mtu. Lakini jambo hilo lina dawa, jina la mama liandikwe kule, basi. Kila alipolifikiria hivyo alijikuta hana tena sababu ya kukataa pesa zikae huko, na hakutaka iwe hivyo. Maana akisema pesa zikae, atakuwa amesema na mengine. Atakuwa amefunga mlango wa chumba kile kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata simu ililia na hakuipokea. Aliiacha juu ya meza kubwa, akaitazama ikitambaa kwa mtetemo hadi ikanyamaza. Baadaye alituma ujumbe kwamba mtandao ulikuwa mbaya. Ulikuwa uongo wa kitoto, na Jepchumba alijibu kwa neno moja, "Sawa."

Jumatano akajikaza, akapiga mwenyewe.

"Nimefikiria," alisema. Alikuwa amejifunga kitambaa vizuri kana kwamba yuko mbele ya wazee. "Usilete. Iache huko. Babu yako alikuwa anaweka ng'ombe mbali, na hiyo ndiyo ilituokoa. Baba yako mdogo akikupigia kuhusu ploti ya Kesses, mwambie ni mimi nimekataa. Andika tu jina langu pale benki, nijulikane."

Truphena alisikia mlango ukifungwa mahali upande wa pili, na sauti za wasichana wakicheka kwa lugha asiyoijua.

"Kwa hivyo niache huku," Jepchumba alisema.

"Ndiyo. Ni vizuri."

"Umefikiria kweli?"

"Nimefikiria sana."

"Sawa, Mama. Basi nitaandika huo mkataba mwingine. Nilikuwa tu nataka kujua vile utasema."

"Mungu akubariki."

"Amen. Kula, Mama. Usikae njaa."

Alipoweka simu chini alijua kwamba amesema ukweli na amelinda mali ya mtoto wake. Alitembea kutoka chumba hadi chumba akizima taa ambazo hazikuwa zimewashwa. Mbele ya chumba cha Jepchumba alisimama, mkono kwenye kitasa, akasikia aibu, akageuka.

Kesho yake Nanzala hakuhitaji kuambiwa. Alileta chai kwenye kikombe cha bati, akaketi kwenye mtungi wa maziwa uliopinduliwa.

"Umemwambia abaki."

"Nimemwambia pesa ibaki."

"Na yeye?"

"Yeye ataandika mkataba."

"Hiyo nimesikia. Nauliza, yeye mwenyewe alikuwa anataka nini?"

Mteja alikuja, akataka maziwa ya mgando, akapimiwa, akaenda.

"Sikumuuliza," Truphena alisema.

"Woi, mama." Nanzala alimtazama kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Mtoto ana mguu mbaya, ako peke yake kwa watu, mkataba unaisha. Anakuuliza, nilete nyumbani? Wewe unamwambia habari ya ng'ombe! Hata mimi nisiyejua Kijapani nimeelewa huyo alikuwa anagonga mlango."

"Alisema pesa."

"Na wewe je? Si wewe pia unasema pesa ukitaka mtoto?"

Truphena alishika ukingo wa kibanda. Nanzala aliinuka, akampigapiga begani, akarudi kwenye mboga zake na kuanza kumtukana mwenye bodaboda aliyekanyaga kitunguu, ili mwenzake apate nafasi ya kupangusa macho bila kutazamwa.

Hapo ndipo kipande kilichobaki cha habari ya baba yake kilipomrudia. Miaka hiyo ya utoto, yeye mwenyewe aliwahi kukaa kule bondeni, kwa yule mzee mwembamba mwenye ng'ombe mwekundu, akisaidia kulea kichanga chao. Kulikuwa na joto na nzi, na alilia kila jioni upande ambao alidhani ni kwao. Hakuthubutu kutuma salamu za kuomba arudishwe. Siku moja baba yake alifika kumwona ng'ombe wake, kwa sababu mwenye ng'ombe sharti aende kumwona. Alimshika mgongo mnyama, akakagua kwato, akanywa maziwa aliyopewa. Kisha akamtazama binti yake kwa muda na kusema, "Ng'ombe abaki. Wewe twende." Walipanda mlima wakiwa wawili, na baba alimbebea kikapu chake, jambo ambalo wanaume wa wakati ule hawakulifanya wakionekana.

Ng'ombe abaki. Wewe twende. Maneno mawili, kila moja na njia yake. Yeye alikuwa ameyafunga kwa kamba moja: pesa zikija, mtoto atakuja, pesa zikibaki, mtoto amebaki. Hakuna aliyemwambia hivyo. Aliyafunga mwenyewe.

Alifunga kibanda mapema na kumwachia Nanzala maziwa yaliyobaki. Nyumbani hakuwasha televisheni. Alipiga simu, ikalia hadi ikachoka. Labda Jepchumba alikuwa ameshalala, labda hakutaka kuongea. Basi akabonyeza pale pa kutuma sauti. Alianza, akafuta. Akaanza tena akafuta, kwa sababu sauti yake ilitoka kama ya mtu anayeomba kazi. Mwishowe alikwenda kusimama jikoni, mahali anapokula, akasema:

"Jepchumba, ni mama. Jana nilikujibu mambo ya pesa, na ya pesa ni vile vile, iache huko, huko ni salama. Lakini wewe si pesa. Kama umeandika huo mkataba kwa kupenda, Mungu akuongoze, mimi nitafurahi. Kama hujaandika, na kama umechoka, njoo. Uje na mguu wako hivyo ulivyo. Usilete kitu. Hii nyumba ni kubwa sana, na mimi naogopa kukuita. Ni hiyo tu."

Akaituma kabla hajaogopa tena. Kisha akaosha kikombe kimoja na sahani moja, akaketi, safari hii kwenye meza kubwa, simu ikiwa mbele yake.

Hakuna kilichokuja. Alichemsha maziwa yakafurika. Jirani alifungua lango lake, gari likaingia, watoto wakapiga kelele wakimkimbilia baba yao, mlango ukafungwa. Truphena aliomba, lakini maombi yalikuwa yakikatika katikati kila aliposikia kitu kama mtetemo. Alijiambia kwamba labda mkataba umeshaandikwa. Labda mtoto amekasirika, na ana haki. Labda alikuwa hataki kabisa kurudi, na Nanzala anajua tu habari za sukuma.

Asubuhi, bodaboda wa maziwa akiwa bado hajafika, simu ilitoa mlio mfupi. Ilikuwa sauti ya Jepchumba, nzito, ya mtu aliyelia au aliyetoka kukimbia kwenye baridi. Hakusema anakuja. Hakusema kitu chochote kuhusu mkataba wala benki.

"Mama," alisema, akavuta pumzi. "Kwa chumba changu kule bado umeweka lile godoro la kuvunja watu mgongo?"

Truphena aliisikiliza mara mbili. Alifungua mlango wa chumba kile, akashika godoro la zamani kwa pembe zake, akaliburuta koridoni na sebuleni, likigonga miguu ya meza kubwa, hadi nje, akalisimamisha ukutani penye jua. Lilikuwa na bonde katikati, pale walipolala wawili. Akalipiga kwa fimbo hadi vumbi likakoma kutoka. Halafu akasimama na fimbo mkononi, akiwaza kama ni vyema kununua jipya sasa, au kungoja kwanza mwenyewe aje achague.